Kamati Haitoi Sababu

West End Avenue, New York
5 Machi 1984

Mdogo wangu Lazzie,

Yule daktari na mkewe waliotaka kununua fleti yangu, niliokueleza habari zao, kamati imewakataa. Najua utakasirika, basi kasirika upesi umalize, maana mimi nimeshakasirika kwa niaba yetu wawili. Ningekupigia simu, lakini simu na masikio yangu yameachana siku nyingi. Mara ya mwisho uliponipigia nilikaa nasema ndiyo, ndiyo, kumbe ulishakata zamani.

Seymour Dubin, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti, alinishika mkono pale kwenye ukumbi wa chini akaniambia kuwa daktari anapiga tromboni, lile tarumbeta kubwa. Tromboni, Lazzie! Ghorofa ya tisa, juu ya vichwa vya akina Pinsker, ambao kijiko tu kikianguka wanagonga dari kwa mpini wa ufagio. Nikamwambia, "Seymour, mtu kuwa na tromboni si lazima aipige." Akasema, "Hennie, mwenye tromboni ataipiga tu."

Sijasahau ahadi yangu. Nilipoanguka bafuni Januari nilikuahidi nitauza fleti nije Tucson tukae pamoja, na nikiahidi nimeahidi. Lakini unazijua nyumba zetu za ushirika. Mtu hauzi ukuta wala dirisha, anauza hisa zake katika jengo, na kamati ya majirani isipompenda mnunuzi, unabaki na fleti yako. Basi nimebaki.

Nimeanza kupanga vitu. Nilianza na chumba cha nyuma, kile nilicholala na Bibi, nikaketi kitandani kidogo tu nipumzike. Nikamkumbuka anavyokoroma huku akikataa kwamba amelala. Nilipoinuka jua lilikuwa limezama na sijakunja hata soksi moja. Mabomba ya joto bado yanagonga ukutani kama zamani. Siyasikii tena, lakini nikiweka kiganja nahisi yanavyogonga, na hilo linanitosha.

Kula vizuri. Usiwe unakula vya kopo.

Dada yako,
Hennie

*

Tucson, Arizona
14 Machi 1984

Dada Hennie,

Usishangae mwandiko. Mkono wangu wa kulia umeingiwa na baridi yabisi, kwa hiyo jirani yangu Consuelo Ybarra ananiandikia. Ana mwandiko mzuri kuliko wangu na mdomo mkubwa kuliko wako.

Kila nikitamka neno anaacha kalamu aniulize. "Yaani dada yako ana nyumba lakini hawezi kuiuza?" Nikamwambia anaweza, ila majirani wakubali kwanza. "Na hao majirani walimchangia kuinunua?" Hawakumchangia. "Wanamfulia? Wanampikia?" Hapana, Consuelo. "Basi mimi ningewauza majirani kwanza." Hakuna namna ya kumweleza. Nilimwambia kuwa mnunuzi huvaa suti, na kwenda kuketi mbele ya watu wazima wanaomuuliza kama ana mbwa, naye Consuelo akaona mimi ndiye nimechanganyikiwa.

Hebu mwambie Seymour Dubin asinichezee. Tulikua pamoja kwenye ngazi zile zile, na akisahau mimi sijasahau nani alimtoa kichwa kwenye vyuma vya uzio wa bustani ya Riverside.

Chumba kile alichokuwa akishonea Bess kipo tayari kwa ajili yako. Kinapata jua asubuhi. Tangu mke wangu afariki nyumba hii imekuwa kubwa kwangu, na usiku napita chumba hadi chumba kuzima taa ambazo hakuna aliyeziwasha. Ukija nitakupeleka kwa gari milimani kuona maua ya jangwani. Fanya haraka, dada. Sisemi hivyo kwa kukulazimisha.

Ndugu yako,
Lazar

*

West End Avenue, New York
19 Aprili 1984

Lazzie,

Pasaka njema. Na usifungue barua hii ukiwa umesimama.

Wamekataliwa tena. Safari hii ni mama mmoja mjane na binti yake, watu wa heshima kabisa, wamevaa glavu. Kosa lao ni kwamba walitaka kubomoa ukuta kati ya jikoni na chumba cha kulia ili pawe peupe. Kamati ikasema ukuta ule unalishika jengo. Seymour ameniomba radhi sana. Alikuwa karibu kulia, maskini.

Jumatatu usiku tulikula Pasaka yetu Wayahudi hapa nyumbani. Nilitoa zile mbao za kurefusha meza, na unakumbuka meza ikirefushwa inatoka chumba cha kulia, inapita mlangoni, inaishia koridoni. Walikuja akina Dubin, akina Pinsker, na yule mjane wa ghorofa ya tatu. Nilimweka Seymour mwisho kabisa, pale alipokuwa akikaa Mjomba Pincus, mgongo kwenye mlango wa choo, na kila mtu alipobanwa ilibidi Seymour ainuke na kiti chake. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Nilimwona Mama kabisa, akibeba bakuli la supu juu ya vichwa vya watu, akituambia tusicheke maana supu ya moto haina mchezo.

Mbona hukuja? Kwenye kadi yako umeandika kuwa ndege ni ghali. Lazzie, wewe una makosa mengi lakini ubahili sijawahi kuuona kwako. Mkono ukiuma, ndege hairuki kwa mkono wako. Nilikuwekea kiti, nikakaa nakitazama usiku mzima.

Nangoja mnunuzi mwingine. Sina la kufanya.

Hennie

*

Tucson, Arizona
28 Aprili 1984

Dada yangu,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Sasa nisikilize.

Kamati haitoi sababu.

Umesahau mimi nilikuwa nalala wapi? Baba na Mama chumba cha mbele, wewe na Bibi chumba cha nyuma, na mimi kwenye kitanda cha kukunja nyuma ya kiwambo cha mbao, chumbani mle mle mlimokuwa na meza. Sikuwahi kuwa na chumba katika fleti ile. Na Baba alipokuwa mwenyekiti, kamati ilikutana wapi? Kwenye meza ile. Waliamini nimelala. Nilisikia kila kitu, nani wanamtaka, nani hawamtaki, na Baba akifunga mkutano kwa maneno yale yale: "Jibu linatoka, sababu inabaki." Hata Mama hakuambiwa. Alimnunia wiki nzima kwa ajili ya yule mpigapicha waliyemkataa, na Baba hakufungua kinywa.

Na unajua ilivyomuuma. Yeye mwenyewe, kabla hatujazaliwa, alivaa suti akaenda kuomba fleti upande wa pili wa ile bustani kubwa ya katikati ya jiji, akapata barua ya mistari miwili isiyosema kitu. Aliijua sababu. Walimwona pua, wakasikia jina, wakajua ni Myahudi. Alikuwa akisema kwamba wangemwambia usoni angewachukia kwa siku moja, lakini kwa kunyamaza walimfanya awachukie maisha yake yote. Halafu akaja kukaa kwenye kiti kile kile, akanyamaza vile vile, kwa sababu ndiyo kanuni na wanasheria walisema hivyo.

Kwa hiyo Seymour Dubin hawezi kukuambia habari za tromboni. Wala za ukuta. Umezitunga wewe, tena vizuri, na nimecheka. Watu hao hawakufika mbele ya kamati. Uliwanywesha chai ukawarudisha kwao.

Sikasiriki. Ila ungeniambia tu kwamba hutaki kuishi na mimi. Nina miaka sitini na minane, ningeweza kuimeza.

Lazar

Bi Hennie, ni mimi Consuelo. Ameenda kujimwagia maji, na ninaandika haya bila ruhusa yake, na nikimaliza nafunga bahasha. Ndugu yako hana baridi yabisi. Macho yake yanakufa. Katikati hamna kitu tena, anaona pembeni tu, na daktari amesema hata hapo pataondoka. Barua zako mimi ndiye namsomea. Funguo za gari nimemnyang'anya alipogonga sanduku langu la barua. Hakuja Pasaka kwa sababu aliogopa kupotea uwanja wa ndege. Anaogopa ukijua utakuja kwa kumhurumia, na mimi nasema, acha uje kwa chochote kile. Samahani kwa kuingilia. Mdomo ninao, amekuambia mwenyewe.

*

West End Avenue, New York
7 Mei 1984

Lazzie,

Na wewe Consuelo, unayesoma: Mungu akubariki, na usiruke hata neno moja, hata la kumtukana.

Mjinga wewe! Baridi yabisi! Unaniita mtunzi wa hadithi huku wewe unaniahidi kunipeleka milimani kwa gari? Ungetuua sote wawili kati ya maua.

Ndiyo, nimedanganya. Daktari alikuja, akanywa chai, akasimama katikati ya chumba cha Baba na Mama akisema angeweka mazulia meupe. Nikamwambia nimeshapata mtu. Yule mjane na binti yake vile vile. Sikuwa nimekataa kuishi na wewe, mdogo wangu, usirudie kusema hivyo. Nilishindwa kutoka hapa, basi. Nikishika kitasa cha mlango naona mkono wa Mama. Nilidhani wewe una afya, una jua, una gari, unataka tu dada wa kukupikia, na nikasema moyoni kwamba unaweza kungoja. Ningejua, ningekuja Januari hiyo hiyo na nguo niliyoanguka nayo.

Sasa nimemaliza mchezo. Nimepata wanunuzi wa kweli na makaratasi yao nimeyapeleka kwa kamati kwa mkono wangu. Ni Clifton na Yvette Bascombe. Mume anafundisha hesabu, mke ni mwanasheria, wazazi wao walitoka Barbados. Yvette, binti wa watu, hakuulizia mazulia. Aliuliza jua linaingilia dirisha gani asubuhi, kisha akaniuliza nani alikuwa akilala wapi, nami nikamwonyesha hadi palipokuwa na kitanda chako cha kukunja. Watakuwa weusi wa kwanza katika jengo letu, na nimemwambia Seymour waziwazi kwamba wakiletewa vituko, yeye na mimi tutaonana. Usaili wao ni tarehe 23.

Mwisho wa Juni nitakuwa kwako. Wewe huoni, mimi sisikii. Tukikaa pamoja tutapata mtu mmoja mzima, na kuna ndoa zilizopungukiwa zaidi ya hapo.

Dada yako,
Hennie

*

Tucson, Arizona
16 Mei 1984

Kwa Bwana Seymour Dubin, Mwenyekiti

Seymour,

Ni Lazar Wolpin wa 9B. Nimeandikiwa na jirani, kwa sababu macho yangu yanaondoka.

Baada ya barua ya mwisho ya Hennie nilimwandikia kwa haraka kwamba asiuze, nitakuja mimi. Amenijibu kwa kadi: "Nimeshawapa watu neno langu. Acha kunionea huruma." Unamjua. Haamini kwamba nataka kurudi. Anadhani nataka kumfurahisha.

Lakini nataka, Seymour. Nyumba hii ya hapa nilihamia nikiwa na macho na bado najigonga kila kona. Barabara haina njia ya watu wa miguu, na bila gari nimefungwa ndani. Usiku, usingizi usipokuja, naitembea fleti ya Baba kichwani. Naingia, kabati la makoti kushoto, kona ile inayochubua bega, jikoni, dirisha la uani ambako mama yako alikuwa akimwitia Mama. Sijigongi popote. Huko naweza kuwa kipofu nikabaki kuwa mtu. Na ningependa kumsikilizia dada yangu mlango.

Yeye hawezi kurudisha neno alilotoa. Kamati inaweza. Sina haki ya kukuomba, na Baba angenizaba kibao kwa barua hii. Nakueleza tu.

Lazar

*

Kwa Bi Henrietta Wolpin, fleti 9B
25 Mei 1984

Bi Wolpin,

Kamati imekutana na imeyapitia maombi ya Bwana na Bibi Bascombe kuhusu hisa za fleti 9B. Tunasikitika kukuarifu kwamba maombi hayo hayakukubaliwa.

Kwa niaba ya Kamati,
S. Dubin, Mwenyekiti

*

West End Avenue, New York
31 Mei 1984

Lazar,

Nakuita Lazar kwa sababu nimekukasirikia. Consuelo, soma kwa sauti ya ukali.

Barua ya kamati nimeipata. Mistari miwili, kama aliyopata Baba. Nilimvizia Seymour kwenye lifti, mlango ulipofungwa nikamuuliza kwa nini. Akaanza kunong'ona. Nikamwambia, "Seymour, mimi ni kiziwi, sema kama mwanamume." Akanong'ona tena. Nikasema, "SISIKII!" Basi akapasua sauti: "LAZAR ANAKUWA KIPOFU NA ANATAKA KURUDI NYUMBANI!" Mjane wa ghorofa ya tatu alikuwamo, na Bwana Pinsker, na mwendesha lifti, ambaye alipitiliza ghorofa kwa mshtuko. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza kutoka kwenye kamati yetu tangu jengo lijengwe, na imetoka kwa kelele.

Nililia mle mle ndani ya lifti. Sikujua kama ni kwa furaha. Wewe kurudi! Chumba cha nyuma ni chako, mwishowe utakuwa na mlango wa kufunga. Mimi nimehamia cha mbele, na sikuweza kulala usiku wa kwanza kwa kuona aibu kulala upande wa Baba.

Lakini Lazzie, uliwafikiria wale vijana? Nilikuandikia ni watu gani. Walivaa vizuri, wakakaa mbele ya watu wazima wakaulizwa kama wana mbwa, halafu wakapata mistari miwili. Walidhani nini? Wewe ungedhani nini? Seymour, aliyenionyesha barua yako, anasema kamati yote ilifurahi kukusaidia na haikufikiria zaidi. Mkutano mzima wa watu ambao baba zao walipata barua kama hiyo, na hakuna aliyefikiria zaidi!

Nilichukua teksi hadi ofisini kwa Yvette, yule binti. Alisimama, akanipa kiti, mpole kabisa. Akasema, "Bi Wolpin, hukuwa na haja ya kusumbuka. Sababu tunaijua. Mume wangu aliijua tangu kwenye lifti, mimi ndiye niliyekuwa na matumaini."

Nikamwambia sivyo. Nikamweleza yote, habari za macho yako, habari za uongo wangu, tromboni, ukuta, barua uliyomwandikia Seymour. Unajua nikisema sasa napiga kelele bila kujijua, kwa hiyo ofisi nzima iliacha kazi. Nilipomaliza akachukua kalamu. Aliandika jibu lake kwenye karatasi ili nisome vizuri, kisha akalisema pia, taratibu, nimtazame midomo.

"Jengo lenu halijawahi kumweleza mtu sababu. Leo unaniletea kaka kipofu. Huyo kaka yupo kweli?"

Nikasema yupo.

"Sijui kama nikuamini," akasema. "Nataka kukuamini. Lakini nimeshaelezwa hadithi nyingi nzuri na watu wazee wenye tabasamu."

Sikumlaumu. Nilimwomba kitu kimoja tu, waje kula, yeye na mumewe, wakuone kwa macho yao. Akafungua kitabu chake cha miadi.

Kwa hiyo sikuulizi tena kama unakuja, wala kama unaogopa uwanja wa ndege. Consuelo atakufikisha hadi kwenye kiti cha ndege, mimi nitakuwa mlangoni upande huu, na utanijua kwa makelele. Akina Bascombe wanakuja Ijumaa, tarehe 6 Julai, kabla ya kuwasha mishumaa ya Sabato. Usipokuwapo mezani, basi mimi ni mwongo, na Seymour, na jengo zima, na binti yule atakuwa ameijua sababu tangu mwanzo.

Dada yako,
Hennie